Jenomu kama Amana: Mali, Zawadi na Deni katika Utafiti wa Vinasaba

Jenomu ni jumla ya maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli za kiumbe, ambayo kwa binadamu yamepangwa katika molekuli ya DNA kwa mfuatano wa takriban herufi bilioni 3 za kikemia, na sehemu za mfuatano huo zinazoielekeza seli namna ya kutengeneza protini huitwa jeni. Tangu mradi wa kimataifa wa kuusoma mfuatano huo ulipotangazwa kukamilika mwaka 2003, vyuo vikuu vimejenga juu yake tawi jipya la tiba linaloweza kuitwa tiba mahsusi, yaani tiba inayochagua dawa, kiasi cha dawa na njia ya kinga kwa kuuzingatia urithi wa mgonjwa mwenyewe, badala ya kutegemea wastani wa wagonjwa wote. Manufaa ya tawi hili hayabishaniwi sana. Linalobishaniwa ni jambo linaloyatangulia manufaa hayo, nalo ni swali la kifalsafa na la kidini kwa pamoja: jenomu ni ya nani, na mtu anapotoa damu yake ili isomwe na chuo kikuu, anatoa nini, kwa mamlaka gani, na anayepokea hubaki na deni gani?

Swali hili lina uzito wa pekee katika nyanda za juu za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara nchini Tanzania, kutoka Tumati na Dongobesh hadi Haydom na miteremko ya Mlima Hanang, kwa kuwa ni mojawapo ya maeneo machache sana barani Afrika ambako watu wa makundi manne ya lugha yaliyo mbalimbali kabisa wanaishi kwa ujirani. Wapo Wairaqw wenye lugha ya Kikushi, Wadatoga wenye lugha ya Kiniloti, Wahadzabe wa bonde la Yaeda ambao lugha yao yenye sauti za vidoko haijathibitika kuwa na jamaa yoyote, na majirani wao wenye lugha za Kibantu kama Waisanzu na Wanyaturu. Wakulima, wafugaji na wawindaji hao wamefanya biashara, wamepigana, wamepatana na kuoana kwa vizazi vingi, na kwa sababu hiyo miili yao imehifadhi kumbukumbu ya historia ambayo haikuandikwa popote. Haishangazi kwamba wataalamu wa jenomu wamelifuata eneo hili kwa shauku kubwa.

Utafiti unaojulikana zaidi ni ule uliochapishwa mwaka 2007 katika jarida la Nature Genetics na kundi lililoongozwa na Sarah Tishkoff, aliyekuwa wakati huo katika Chuo Kikuu cha Maryland nchini Marekani kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akishirikiana na wanasayansi wa Afrika Mashariki akiwemo Thomas Nyambo wa chuo cha tiba cha Muhimbili jijini Dar es Salaam. Kundi hilo liliwachunguza watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan, likitafuta sababu ya baadhi ya watu wazima kuweza kumeng'enya laktosi, yaani sukari iliyomo katika maziwa, ilhali kwa wengi duniani laktasi, ambayo ni kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, hupungua baada ya utoto. Badiliko la jeni lililokwisha kujulikana kwa watu wa Ulaya halikutosha kuwaeleza wafugaji wa Afrika Mashariki. Yalipatikana mabadiliko mengine matatu, na lile lililoenea zaidi Tanzania na Kenya lilikadiriwa kuwa na umri wa takriban miaka 3,000 hadi 7,000, muda ambao kwa kipimo cha historia ya viumbe ni mfupi mno.

Matokeo hayo yalipata maana ya ndani zaidi pale mabaki ya wafu wa kale yalipoanza kusomwa. Katika Luxmanda, makazi ya kale ya wafugaji kwenye nyanda hizohizo za Mbulu, DNA ya mtoto mchanga aliyezikwa takriban miaka 3,100 iliyopita ilisomwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, nayo ikaonyesha nasaba iliyochanganya wenyeji wa kale wa Afrika Mashariki na watu waliokuwa na udugu wa mbali na wakulima wa kwanza wa Mashariki ya Kati. Miaka miwili baadaye, utafiti mwingine uliosoma mabaki ya watu 41 wa kale kutoka Kenya na Tanzania ulibaini kwamba miongoni mwa wafugaji wa kale waliopimwa, mmoja tu, aliyeishi takriban miaka 2,000 iliyopita na kuzikwa katika pango la Gishimangeda karibu na Ziwa Eyasi, ndiye aliyekuwa na lile badiliko linalomwezesha mtu mzima kumeng'enya maziwa.

Jambo hili linahitaji kutafakariwa kwa makini, kwa sababu linapindua dhana iliyozoeleka kuhusu urithi. Watu hudhani kwamba jeni hutangulia na mwenendo wa maisha hufuata, kana kwamba majaliwa ya mtu yameandikwa ndani ya damu na yeye huyatekeleza tu. Mabaki ya kale yanaonyesha mpangilio wa kinyume: watu walichunga ng'ombe kwa karne nyingi wakati ambapo wengi wao hawakuwa bado na jeni ya kuyamudu maziwa mabichi, na ni ile kazi yao ya kuchunga, kukamua, kugandisha maziwa na kuwalea watoto kwa mazao ya mifugo iliyoifanya jeni hiyo kuwa na faida, hata ikaenea kizazi baada ya kizazi. Vivyo hivyo, daktari Anthony Allison alipoonyesha mwaka 1954, kwa uchunguzi alioufanya Afrika Mashariki, kwamba watu waliorithi jeni ya ugonjwa wa damu wa selimundu kwa mzazi mmoja wana kinga dhidi ya malaria kali, alionyesha pia kwamba damu ya watu hubeba alama za mahali walipoishi na magonjwa waliyopambana nayo. Kwa hiyo jenomu si maumbile matupu. Ndani yake yamo matendo ya mababu, uvumilivu wao, njaa zao, ndoa zao na makosa yao, na anayeisoma anasoma kazi ya watu ambao hawawezi tena kuulizwa kama wanakubali.

Kuhusu umiliki wa kitu cha namna hiyo, yamekuwapo majibu matatu yanayotawala mjadala wa kimataifa. Jibu la kwanza husema jenomu ni mali ya mtu binafsi, kwa kuwa imo mwilini mwake na hakuna mwingine aliye na mwili huo. Jibu hili lina heshima yake, kwa maana linamlinda mtu dhidi ya daktari au dola inayotaka kumchukulia damu bila idhini. Hata hivyo linashindwa mbele ya ukweli wa kibayolojia ulio wazi, kwamba kila mtu amegawana nusu ya urithi wake na kila mmoja wa wazazi wake na kila mmoja wa watoto wake, na hivyo kinachofichuliwa kuhusu mmoja kimefichuliwa, kwa sehemu, kuhusu wote. Jamii za Tanzania zimelijua jambo hili muda mrefu kabla ya maabara, kwa kuwa wazee wanaotumwa kuchunguza ukoo kabla ya posa huuliza habari za kifafa, ukoma na maradhi ya akili, na jibu kuhusu shangazi mmoja huweza kuamua ndoa za wapwa wengi. Mtu hawezi kuwa mmiliki pekee wa siri ambayo ikitoka huwagusa watu ambao hawakuitwa hata kushauriwa.

Jibu la pili husema kwamba anayetoa sampuli ametoa zawadi kwa sayansi, na zawadi ikishapokelewa, aliyeitoa hana tena neno juu yake. Fomu nyingi za ridhaa, yaani hati ambazo mshiriki wa utafiti hutia sahihi au dole gumba kuonyesha kwamba ameelewa na kukubali, zimejengwa juu ya fikra hii, hasa zile zinazoomba ridhaa pana ya kuitumia sampuli kwa utafiti wowote wa baadaye. Hatari ya fikra hii ilionekana kwa Wahavasupai, watu wa asili wa jimbo la Arizona nchini Marekani, ambao katika miaka ya 1990 walitoa damu kwa watafiti wa chuo kikuu wakitumaini kusaidiwa dhidi ya kisukari kilichokuwa kikiwaangamiza, kisha wakaja kugundua kwamba damu hiyo ilitumika pia katika tafiti za skizofrenia, za ndoa za ndani ya ukoo, na za asili ya uhamaji wao, ambazo zilipinga simulizi zao takatifu kuhusu walikotoka. Walishtaki, na shauri hilo lilimalizika mwaka 2010 kwa fidia na kurudishwa kwa sampuli. Kilichowaumiza hakikuwa sindano, kwa kuwa waliikubali. Waliumizwa na kugeuzwa kwa nia ya utoaji wao, na dhana ya zawadi haikuwa na lugha ya kulieleza kosa hilo.

Jibu la tatu ni pana zaidi. Azimio la UNESCO kuhusu jenomu ya binadamu na haki za binadamu, lililopitishwa mwaka 1997, liliitambua jenomu, kwa maana ya ishara, kuwa urithi wa binadamu wote, na likatamka kwamba katika hali yake ya asili isiwe chanzo cha faida ya fedha. Tamko hilo lina ukweli mkubwa wa kimaadili, kwa kuwa linakataa ubaguzi wa rangi kuanzia kwenye mzizi wake na kuukiri umoja wa jamaa ya binadamu ambao dini zote kubwa za Afrika Mashariki zinaufundisha. Udhaifu wake ni kwamba kinachosemwa kuwa cha wote huishia mikononi mwa mwenye uwezo wa kukitumia, na katika elimu ya jenomu mwenye mashine, kompyuta, wanasheria na soko yuko mbali sana na kijiji ambako damu ilitolewa.

Lipo jibu la nne, ambalo limo tayari katika mapokeo ya watu wa eneo hili na ambalo ndilo linalotetewa hapa: jenomu ni amana. Amana ni kitu ambacho mtu hukabidhiwa akitunze na pengine akitumie kwa masharti, huku akijua kwamba hakianzi wala kuishia kwake, na kwamba atatoa hesabu. Mafundisho ya Kiislamu huuhesabu mwili kuwa amana ya Mwenyezi Mungu ambayo mja ataulizwa juu yake, na mafundisho ya Kikristo, yaliyokita mizizi Mbulu kupitia misheni za Kikatoliki na za Kilutheri, humtaja binadamu kuwa wakili wa vitu alivyopewa. Dini ya asili ya Wairaqw nayo, inayomwelekea Looaa kama chimbuko la uhai na wema, haimtengi mtu mmoja anapoombewa, kwa kuwa katika slufay, ile dua ndefu inayosemwa na wazee mbele ya mkutano na kuitikiwa na waliohudhuria, afya ya watu, uzazi, mifugo, mvua na ardhi huombewa kwa pamoja kana kwamba ni afya moja. John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, alilieleza wazo hili kwa upana katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alipoonyesha kwamba jamii ya Mwafrika inawajumuisha walio hai, waliotangulia na watakaozaliwa. Kile ambacho Mbiti alikisema kwa lugha ya dini, elimu ya jenomu imekithibitisha kwa lugha ya kemia.

Wafugaji wa Mbulu na Hanang wana desturi inayoonyesha namna amana inavyofanya kazi. Mwenye ng'ombe humkabidhi ndugu au rafiki mnyama amchunge, na mchungaji huyo hupata maziwa na samadi kwa haki kabisa, lakini ng'ombe na uzao wake hubaki wa mwenyewe, na mchungaji hawezi kumuuza, kumchinja wala kumpeleka kwa mtu wa tatu bila kurudi kuomba. Chuo kikuu kinachopokea sampuli kiko katika nafasi ya mchungaji huyo. Maarifa kinayoyakamua ni yake kuyatumia, kuyachapisha na kuyafundisha, lakini sampuli yenyewe, takwimu zinazotokana nayo na matumizi mapya yasiyotajwa mwanzoni vinabaki chini ya mamlaka ya waliokabidhi, na kila hatua mpya inadai kurudi kwao. Mpango wa namna hii hauzuii sayansi, kama vile desturi ya kukabidhiana ng'ombe isivyozuia ufugaji, bali huieneza kwa sababu watu hukabidhi kwa moyo mweupe pale wanapojua kwamba hawatadhulumiwa.

Dhana ya amana inamlaumu pia anayekizika alichopewa. Katika mfano wa talanta uliomo katika Injili ya Mathayo, mtumwa aliyeifukia fedha ya bwana wake ndiye aliyehukumiwa, na onyo hilo linawahusu wanaodhani kwamba ulinzi bora ni kukataa kila utafiti. Waafrika wana anuwai kubwa ya vinasaba kuliko watu wa bara jingine lolote, lakini mchango wao katika hifadhi za data za jenomu duniani ni mdogo mno, na kutokuwepo huko kuna madhara. Dawa ya efavirenzi, iliyotumiwa kwa miaka mingi kutibu maambukizi ya Virusi vya UKIMWI Tanzania, huvunjwavunjwa taratibu katika miili ya watu wenye aina fulani ya jeni iitwayo CYP2B6, na aina hiyo ni ya kawaida barani Afrika, hata wagonjwa wengi wakasumbuliwa na kizunguzungu na ndoto za kutisha kwa kipimo ambacho kilipangwa kwa kuwaangalia watu wengine. Tafiti zilizowahusisha wanasayansi wa Muhimbili ziliwalinganisha wagonjwa wa Tanzania na wa Ethiopia, zikaonyesha kwamba hata Waafrika wa Mashariki wenyewe hawawezi kuchukuliwa kuwa kundi moja. Jamii isiyosomwa huendelea kutibiwa kwa vipimo vya wengine.

Mfano wa amana iliyotunzwa vizuri zaidi unapatikana katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambako mpango wa selimundu ulioongozwa na Profesa Julie Makani umewafuatilia maelfu ya wagonjwa tangu mwaka 2004. Selimundu ni ugonjwa wa kurithi unaozipinda chembe nyekundu za damu, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nao. Utafiti wa Muhimbili ulithibitisha kwa wagonjwa wa Tanzania kwamba jeni iitwayo BCL11A, ambayo awali ilichunguzwa kwa watu wa Ulaya, inahusika na kiasi cha himoglobini ya kijusi inayobaki katika damu na kupunguza ukali wa ugonjwa, na pamoja na utafiti huo zilikuwapo kliniki, dawa, mafunzo ya madaktari na elimu kwa wazazi. Mwaka 2023, Uingereza na kisha Marekani ziliidhinisha tiba ya kwanza ya kuhariri jeni kwa ajili ya selimundu, inayoilenga njia ya BCL11A hiyohiyo, kwa bei iliyotangazwa Marekani ya takriban dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Mzazi wa Manyara hawezi kuifikia bei hiyo maishani mwake. Maarifa yaliyojengwa pia kwa damu ya watoto wa Afrika yakiwarudia watoto hao kama bidhaa wasiyoweza kuinunua, ipo sababu ya kusema kwamba amana imevunjwa, hata kama hakuna mkataba hata mmoja uliovunjwa.

Zipo hoja mbili nzito dhidi ya msimamo huu, nazo zinastahili kujibiwa kwa uaminifu. Ya kwanza ni kwamba kuipa jamii mamlaka juu ya jenomu ni kumkandamiza mtu mmoja, hasa mwanamke na kijana, kwa kuwa wanaosema kwa niaba ya jamii kwa kawaida ni wazee wa kiume. Hoja hii ina mashiko hata katika mapokeo ya Wairaqw, ambao zamani waliwatenga watu waliohesabiwa kuwa na uchafu wa kifo au wa uzazi usiokubalika kwa desturi ya meeta, ili uchafu huo usiwafikie majirani. Fikra ileile inayowaunganisha watu katika afya moja iliweza kumtupa mmoja nje, na taarifa za jeni zinaweza kuzaa meeta mpya kwa ukoo wenye ugonjwa wa kurithi. Wanafalsafa wa Kiafrika wameubishania mpaka huu: Ifeanyi Menkiti wa Nigeria alishikilia kwamba jamii ndiyo inayomfanya mtu awe mtu, naye Kwame Gyekye wa Ghana akamjibu kwamba mtu ana hadhi na haki ambazo jamii haikumpa na haiwezi kumnyang'anya. Upande wa Gyekye ndio unaopaswa kufuatwa hapa. Ridhaa ya jamii iongezwe juu ya ridhaa ya mtu, isichukue nafasi yake kamwe: mkutano wa kijiji unaweza kuukataa utafiti usiwaguse watu wake, lakini hauwezi kumlazimisha yeyote kutoa damu, wala kudai kuyajua majibu yake.

Hoja ya pili husema kwamba jamii yenyewe haina mipaka katika damu. Lile badiliko la maziwa halikuwa la kabila moja, kwa kuwa linapatikana kwa watu wa lugha mbalimbali, na yule mtoto wa Luxmanda hawezi kudaiwa na kabila lolote la leo kuwa wake peke yake. Hoja hii ni ya kweli, na inafaa kuwa kinga dhidi ya wale watakaotaka kuigeuza sayansi kuwa cheti cha ukabila. Lakini amana haihitaji mipaka ya damu ili idaiwe, kwa sababu msingi wake ni makabidhiano, na makabidhiano hufanywa na watu walio hai, katika kijiji kinachojulikana, kwa maneno yaliyosemwa na kusikika. Watu wa mbali wana haki ya kufaidika na maarifa kwa kuwa ni ndugu katika ubinadamu, na watu wa karibu wana haki ya kwanza ya kulindwa kwa kuwa wao ndio wataumia kwanza.

Tanzania ina nyenzo za kuanzia. Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, inadhibiti uchukuaji na matumizi ya sampuli, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu husimamia kibali cha maadili kwa tafiti za afya. Sheria hizi zinamlinda mtu mmoja vizuri kuliko zinavyoulinda ukoo au kijiji, na zinauangalia mwanzo wa utafiti kuliko mwisho wake. Kamati za maadili ziuombe kila mradi wa jenomu utaje, kabla ya sindano ya kwanza, nani atarudi kijijini na lini, kwa lugha gani, akiwa na majibu gani na manufaa gani, na zikatae kuidhinisha mradi mwingine wa chuo ambacho hakikurudi. Viongozi wa dini na wazee wa Mbulu na Hanang nao wasiwaachie wanasayansi peke yao kazi ya kueleza maana ya damu, kwa kuwa elimu hiyo ilikuwa yao kwanza. Chuo kikuu kilichopokea damu ya watu na kisirudi kwao kimekula amana, na ukubwa wa uvumbuzi wake hauwezi kuifuta dhuluma hiyo.